Kung fu jijini Dar es Salaam

Kung fu jijini Dar es Salaam ni utamaduni wa kufanya mazoezi ya sanaa za mapigano zenye asili ya China, uliojengeka katika jiji hilo kubwa la Tanzania tangu miaka ya 1970. Unapatikana zaidi katika maeneo ya makazi yaliyo nje ya katikati ya jiji, hasa Kinondoni na Temeke, pamoja na Ubungo na Kigamboni zilizomegwa kutoka wilaya hizo. Kwa wanaoufuata, kung fu ni mazoezi ya mwili, njia ya kujihami na pia taratibu za kuishi: kuamka mapema, kujizuia, kumheshimu mwalimu na kuvumilia.

Tofauti na michezo mingi ya kigeni iliyoingia Tanzania kupitia shule, misheni au jeshi, kung fu ilijulikana kwanza kupitia filamu. Watazamaji walitangulia, walimu wakafuata. Jambo hilo ndilo lililoupa mchezo huu wapenzi wengi kwa muda mfupi, na ndilo linalowapa walimu kazi ngumu hadi leo: kuwafundisha vijana kutofautisha mapigano ya kwenye skrini na nidhamu yenyewe.

## Jina

Neno kung fu (kwa Kichina 功夫, hutamkwa gongfu) halikuwa na maana ya mapigano pekee. Kwa asili linamaanisha ustadi wowote unaopatikana kwa kazi ngumu na muda mrefu; mpishi au mwandishi wa hati nzuri anaweza kusemwa kuwa na kung fu. Neno la Kichina linalotaja sanaa za mapigano moja kwa moja ni wushu (武术), nalo leo hutumika pia kama jina la mchezo wa mashindano wa kimataifa.

Mitaani Dar es Salaam maneno huchanganyika. Watu wengi husema "karate" au "kung fu" kwa sanaa yoyote ya mapigano ya Asia, ingawa karate ni ya Japani na taekwondo ni ya Korea. Mfululizo wa miondoko ya kung fu mara nyingi huitwa "kata", neno lililotoka kwenye karate. Mwalimu huitwa sifu au shifu, na kufanya mazoezi kwa jumla huitwa kupiga tizi.

## Asili nchini China

Sanaa za mapigano za China ni nyingi na zina matawi mengi. Mojawapo ya vituo vyake mashuhuri ni Hekalu la Shaolin katika jimbo la Henan, monasteri ya Kibuddha iliyoanzishwa mwaka 495. Mitindo ya kaskazini hujulikana kwa mateke ya juu, miruko na hatua ndefu. Mitindo ya kusini hutumia zaidi mikono na misimamo imara. Taijiquan hufanywa polepole kwa kufuata pumzi, na mwaka 2020 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika.

## Kuingia Tanzania

### Uhusiano na China

Mwalimu Julius Nyerere alitembelea China Februari 1965, na waziri mkuu Zhou Enlai akaja Tanzania Juni mwaka huohuo. Baada ya hapo misaada ya China ilionekana wazi jijini. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968 huko Ubungo. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, na maelfu ya Wachina walifanya kazi humo.

Hata hivyo wafanyakazi hao hawakuja kufundisha mapigano. Wengi waliishi katika kambi zao chini ya nidhamu kali. Sanaa ya mwili iliyofika rasmi kutoka China wakati huo ilikuwa sarakasi: katika miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa huko kujifunza, na waliporudi likaundwa kundi la taifa la sarakasi mwaka 1969. Kupinduka hewani, kusimama kwa mikono na kujenga minara ya watu vikawa vitu vya kawaida katika maonyesho ya sherehe za taifa. Miili ya vijana ilianza kuzoea mafunzo yanayofanana na msingi wa kung fu kabla ya jina lenyewe kuenea.

### Kumbi za sinema

Kung fu yenyewe ilikuja na filamu za Hong Kong. Bruce Lee, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1940 na kukulia Hong Kong, alijifunza mtindo wa wing chun kwa mwalimu Yip Man. Aliigiza katika The Big Boss (1971), Fist of Fury (1972), The Way of the Dragon (1972) na Enter the Dragon (1973). Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na umri wa miaka 32.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, hivyo sinema ilikuwa burudani kubwa ya mjini. Kumbi kama Empire, Empress, Avalon na Odeon zilikuwa katikati ya jiji, na upande wa Kinondoni palikuwa na sinema ya magari huko Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966. Vijana wa pembeni mwa jiji walilazimika kusafiri ili kuona filamu, kisha waliporudi waliwaigizia wenzao walichokiona.

Kupendwa kwa filamu hizo kulikuwa na sababu zake. Katika The Big Boss, Bruce Lee ni kibarua katika kiwanda cha barafu anayewakabili waajiri wahalifu. Katika Fist of Fury ni mwanafunzi anayekataa kudharauliwa na wageni katika nchi yake mwenyewe. Visa hivyo vilieleweka kwa urahisi katika jiji lililokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambamo habari za vita dhidi ya ukoloni zilisikika kila siku. Aidha, mpiganaji hakuwa na bunduki wala mali. Silaha yake ilikuwa mwili wake.

Mtaalamu May Joseph, katika kitabu chake Nomadic Identities cha mwaka 1999, ameandika sura inayohusu filamu za kung fu na maisha ya kubana matumizi Tanzania. Anaonyesha kwamba vijana wa miaka ya 1970 walizipokea filamu hizo wakati siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, iliyotangazwa katika Azimio la Arusha mwaka 1967, ilisifu kazi, kiasi na kujinyima. Mtu anayejitengeneza mwenyewe kwa mazoezi, bila vifaa vya gharama, alilingana na maadili yaliyohubiriwa na taifa, lakini akiwa na mvuto ambao hotuba hazikuwa nao.

### Vibanda vya video na wasimulizi

Kuanzia miaka ya 1980 kanda za video zilipunguza wateja wa kumbi kubwa. Mahali pake pakachukuliwa na vibanda vya video vya mitaani, maarufu kama vibanda umiza, vyenye mabenchi na televisheni moja. Kwa mara ya kwanza filamu ilimfuata mtazamaji hadi Manzese, Tandale, Tandika na Mbagala kwa kiingilio kidogo.

Kwa kuwa filamu nyingi zilikuwa kwa Kichina au Kiingereza, walitokea wasimulizi waliozitafsiri kwa Kiswahili kwa sauti zao wenyewe. Aliyejulikana sana ni Derek Gaspar Mukandala, kwa jina la usanii Lufufu, ambaye kanda alizozisimulia zilisambaa sana. Msimulizi hakutafsiri maneno tu. Alieleza hila, alitania na kuwapa wahusika maneno ya mitaani. Shujaa aliitwa stelingi na mpinzani wake adui. Uganda kuna desturi inayofanana ya wasimulizi wanaoitwa maveejay.

### Karate kama jirani

Sanaa ya mapigano ya Asia iliyopata mwalimu wa kudumu mapema jijini ilikuwa karate. Katika miaka ya 1970 Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mwenye asili ya Afrika, alianzisha mafunzo ya karate ya mtindo wa Goju-ryu, na dojo la Zanaki likawa chimbuko la walimu wengi. Vijana waliovutiwa na filamu za Kichina mara nyingi waliingia kwanza kwenye karate, kwa sababu ndiko kulikokuwa na darasa. Ndiyo maana vikundi vya kung fu vya Dar es Salaam vimerithi kutoka karate baadhi ya maneno, mikanda ya rangi na namna ya kujipanga kwa mistari.

## Mazoezi

### Mahali na muda

Kung fu haihitaji uwanja maalumu. Mazoezi hufanyika katika viwanja vya shule, kumbi za mitaa, nyua za nyumba, viwanja vya wazi na ufukweni. Coco Beach upande wa Kinondoni ni mahali panapotumiwa na wafanya mazoezi wa kila aina, hasa mwishoni mwa wiki. Mchanga wa pwani huongeza uzito wa kila hatua na hupunguza maumivu ya kuanguka.

Muda hufuata joto na kazi. Kwa kuwa jiji lina joto na unyevu, hasa kati ya Desemba na Machi, mazoezi mazito hufanywa alfajiri au jioni. Mwezi wa Ramadhani wanaofunga kwa kawaida hupunguza ukali wa mazoezi au huyasogeza baada ya futari.

### Misingi

Somo huanza kwa kukimbia na kunyoosha viungo. Baadaye hufuata misimamo. Unaojulikana zaidi ni mabu, mkao wa mtu aliyepanda farasi: miguu hupanuliwa, magoti hukunjwa hadi mapaja yakaribie kulala sawa na ardhi, mgongo hunyooka. Mwanafunzi hukaa hivyo bila kusogea, kwanza kwa sekunde chache, baadaye kwa dakika kadhaa. Gongbu ni mkao wa upinde, goti la mbele likiwa limekunjwa na mguu wa nyuma umenyooka. Pubu ni kushuka chini kabisa kwa mguu mmoja huku mwingine ukinyooshwa ubavuni.

Baada ya misimamo huja ngumi, mateke, kukinga na kuanguka salama. Miondoko hiyo huunganishwa katika mfululizo uliopangwa, unaoitwa taolu kwa Kichina, ambao mwanafunzi huurudia hadi mwili uukumbuke wenyewe. Mapambano ya watu wawili, yanayoitwa sanda, huja baadaye, kwa glovu na vikinga kichwa. Kuna pia mazoezi ya pumzi, qigong, yanayofanywa kwa utulivu mwishoni.

Ugumu wa hatua za mwanzo ndio huwapunguza wanafunzi. Aliyekuja kutafuta teke la kuruka hujikuta akisimama mabu kwa wiki nyingi, na wengi huacha kabla ya kufundishwa pigo lolote.

### Vifaa

Viatu vyepesi na suruali pana vinatosha. Mahali pasipo na vifaa vya dukani, mfuko wa mchanga hutumika kama gunia la ngumi, tairi la gari kama shabaha, na ndoo za maji au matofali kama vyuma vya kunyanyua. Silaha za jadi ni fimbo ndefu, upanga na mkuki, ambazo hutumika kwa maonyesho. Nunchaku, yaani vijiti viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo au kamba, hutokana na Okinawa nchini Japani. Zimehusishwa na kung fu kwa sababu Bruce Lee alizitumia kwenye filamu.

## Nidhamu na mtindo wa maisha

Katika mafundisho ya kung fu ustadi wa kupiga hauwezi kutenganishwa na tabia. Maadili hayo huitwa wude, yaani maadili ya mpiganaji, na hujumuisha unyenyekevu, heshima, uaminifu, subira na kutotumia nguvu pasipo lazima.

Salamu yake huonyesha jambo hilo: ngumi ya mkono wa kulia hufunikwa na kiganja cha kushoto mbele ya kifua. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba kiganja kinaizuia ngumi. Ingawa Shaolin ni hekalu la Kibuddha, salamu hiyo ni adabu na si ibada, hivyo Waislamu na Wakristo, ambao ndio wakazi wengi wa jiji, huitoa bila kuona mgongano na dini zao.

Kwa kijana anayefuata njia hii kwa dhati, siku hupangika. Analala mapema ili aamke alfajiri, anaacha sigara, pombe na bangi kwa sababu zinamkatia pumzi, anaangalia chakula chake. Katika vikundi vingi mwanafunzi hufagia uwanja kabla ya somo, na mkubwa humwelekeza mdogo. Wazo la kwamba kazi ndogo za kila siku ni sehemu ya mafunzo linaonekana wazi katika filamu The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978, ambamo mwanafunzi hubeba maji na kufanya kazi ngumu kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kupigana. Kwa watazamaji wa mitaa ambamo watoto hubeba ndoo za maji kila siku, somo hilo halikuhitaji msimulizi.

Uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi nao huvuka mipaka ya uwanja. Mwalimu huulizia maendeleo ya shule, husuluhisha ugomvi wa nyumbani, na wakati mwingine humsimamisha mazoezi mwanafunzi aliyepigana mtaani. Adhabu hiyo ina uzito kwa sababu inagusa kile ambacho mwanafunzi anakipenda zaidi.

## Mitazamo ya jamii

Kung fu imepokewa kwa namna mbili. Kwa upande mmoja husifiwa kwa kuwapa vijana wasio na ajira shughuli ya maana na kundi la kuwaangalia. Kwa upande mwingine wazazi wengi wameiona kama mafunzo ya uhuni, na baadhi ya mabishano hayo yana msingi: mtu anaweza kujifunza mapigo bila kujifunza kujizuia. Walimu hujibu kwamba aliyefundishwa vizuri huwa wa mwisho kuanzisha ugomvi, kwa kuwa anajua madhara ya pigo na hana cha kuthibitisha.

Sheria nayo huweka mpaka. Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16 ya sheria za Tanzania) inatambua haki ya kujihami na kumtetea mwingine, lakini kwa nguvu ya kiasi kinachofaa kulingana na hatari iliyopo. Kuendelea kumpiga mtu aliyekwisha kushindwa si kujihami tena.

Hoja nyingine inahusu sifa za walimu. Kwa kuwa wapenzi wengi walianza kwa kuiga filamu, mtu yeyote mwenye mwili mwepesi aliweza kujiita sifu. Vigezo vinavyopendekezwa na wenye uzoefu kwa mzazi anayetafuta darasa ni vya wazi: mwalimu aseme alijifunza kwa nani, kikundi kiwe kimesajiliwa, mzazi aruhusiwe kutazama somo, na mtoto asiahidiwe mkanda kwa malipo.

## Wanawake na watoto

Filamu za Hong Kong zilikuwa na wapiganaji wanawake tangu zamani, na simulizi za wing chun humtaja mwanamke, mtawa Ng Mui, kama mwanzilishi wa mtindo huo. Mbinu zake za kukwepa na kutumia nguvu za mpinzani hufaa kwa mtu mwenye umbo dogo. Wasichana wanaojiunga Dar es Salaam mara nyingi hukabili pingamizi la mavazi, la muda wa jioni na la dhana kwamba mapigano ni ya wanaume. Mavazi mapana ya kung fu, yanayoweza kuvaliwa pamoja na hijabu, hupunguza pingamizi la kwanza. Kwa la pili vikundi huweka masomo ya mchana au ya asubuhi siku za mapumziko.

Kwa watoto msisitizo huwa kwenye kunyoosha viungo, usawa wa mwili na taolu, wala si mapambano.

## Usimamizi na mashindano

Michezo nchini Tanzania husimamiwa na Baraza la Michezo la Taifa (BMT), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, na vilabu na vyama vya michezo hutakiwa kusajiliwa. Kimataifa wushu husimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Wushu, lililoanzishwa Beijing mwaka 1990. Mashindano yake yana sehemu mbili: taolu, ambapo majaji hutoa alama kwa ubora wa miondoko, na sanda, ambapo wapinzani hupambana. Wushu imeingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, Senegal, iliyopangwa kufanyika mwaka 2026.

Mafunzo kutoka China yenyewe yaliongezeka katika karne ya 21. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 2013, na Kituo cha Utamaduni cha China kilifunguliwa jijini mwaka 2015. Taasisi za aina hiyo hufundisha lugha pamoja na utamaduni, ukiwemo wushu na taijiquan. Hekalu la Shaolin nalo limepokea wanafunzi kutoka nchi za Afrika kwa ufadhili wa serikali ya China. Kwa hiyo walimu wa mitaani waliojifunza kwa miaka mingi bila cheti wamekutana na mitaala rasmi, na baadhi ya wanafunzi wao wamelazimika kusahihisha walichokizoea.

## Katika filamu za Afrika Mashariki

Watazamaji wa zamani walikuja kuwa waigizaji. Jimmy Mponda, anayejulikana kama Jimmy Master, alipata umaarufu kwa filamu za mapigano za Kitanzania, ikiwemo Misukosuko. Nchini Uganda, Isaac Nabwana alianzisha studio katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala; filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ilitengenezwa kwa bajeti ndogo sana na inajumuisha mapigano ya kung fu yaliyochezwa na wakazi wa mtaa huo. Katika nchi zote mbili filamu hizo zimewapa wafanya mazoezi kipato na jina. Wengine hupata kazi za ulinzi au ubaunsa, na wengine hubaki kuwa walimu.

## Afya na usalama

Mazoezi ya kung fu huongeza unyumbufu, nguvu za miguu, usawa na pumzi. Majeraha ya kawaida ni kuteguka kifundo cha mguu, maumivu ya goti yanayotokana na mabu iliyokaa vibaya, na michubuko ya ngumi. Hatari kubwa hutokana na kuiga filamu: miruko mingi ya kwenye skrini hufanywa kwa nyaya, na vitu vinavyovunjwa huwa vimetengenezwa vivunjike kirahisi. Kuvunja matofali kwa mkono au kichwa bila maandalizi kunaweza kuvunja mifupa au kuumiza ubongo. Mkao sahihi, maji ya kunywa ya kutosha na kupumzika ni sehemu ya mafunzo sawa na pigo lenyewe.

## Tazama pia

- Bruce Lee
- Karate
- Sarakasi
- Wushu
- TAZARA
- Kinondoni
- Temeke